Jaribio tuli: kuwasha injini ya roketi bila kuirusha

Fundi wa bodaboda akitaka kuisikiliza injini, huipandisha pikipiki kwenye stendi kubwa, akavuta mafuta, gurudumu la nyuma likazunguka hewani na pikipiki isiende popote. Jaribio tuli la injini ya roketi ni mambo hayohayo, ila injini hii lazima ifungwe kwa vyuma, la sivyo itaondoka. "Tuli" hapa ni ileile ya "umeme tuli": kitu kilichokaa mahali pake. Kinachotulia ni injini tu. Moto wake hautulii hata kidogo.

Kwa hiyo kiwanja cha kujaribia injini si kiwanja cha kurushia roketi, ingawa wengi huvichanganya. Jukwaa la San Marco, lile la Waitaliano baharini karibu na Malindi, lilikuwa la kurushia. Ndipo setilaiti ya Uhuru ilipoondokea tarehe 12 Desemba 1970, na jina lake limetokana na sikukuu ya Kenya ya siku hiyo. Roketi iliyoibeba, Scout, ilitoka Marekani, na aina za injini zake zilikuwa zimeshajaribiwa hukohuko.

Kwenye jaribio tuli kinachotafutwa kwanza ni msukumo, yaani nguvu ambayo injini inasukumia huku moto ukitokea upande wa pili. Kisha hutazamwa shinikizo ndani ya chumba cha mwako, joto, na muda ambao chuma kitastahimili kabla ya kuyeyuka au kupasuka.

Mfano ninaoupenda ni wa Arroyo Seco, huko Pasadena, California. Jina hilo ni la Kihispania, nasi tungesema Korongo Kavu. Tarehe 31 Oktoba 1936 vijana wachache waliteremsha mizigo yao humo, karibu na bwawa la Devil's Gate. Frank Malina alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Caltech. Jack Parsons na Ed Forman hawakuwa wanafunzi wa chuo hicho: Parsons alijifunza baruti kwa mikono yake, Forman alikuwa fundi mitambo. Mahali palichaguliwa kwa sababu ambayo hata mchoma mkaa angeielewa: mbali na nyumba za watu.

Injini yao ilikuwa ndogo, ikichoma alkoholi ya methili kwa gesi ya oksijeni. Waliisimamisha mdomo ukiangalia juu, moto uende mbinguni na msukumo uelekee chini, ukivuta springi. Kwenye springi waliweka ncha ya almasi iliyokwaruza kipande cha kioo. Urefu wa mkwaruzo ndio uliowaambia msukumo ni kiasi gani. Wao wenyewe walijikinga nyuma ya mifuko ya mchanga.

Siku hiyo haikwenda vizuri. Kwenye jaribio la mwisho mpira wa kupitishia oksijeni ulishika moto, ukachomoka na kuanza kujirusha huku na huku kama nyoka aliyekanyagwa mkia, ukitema moto. Wote walitimua mbio. Hakuna aliyeumia, nao wakarudi tena na tena, hadi tarehe 16 Januari 1937 injini ilipowaka kwa sekunde 44. Kwa mtu wa leo sekunde 44 ni kichekesho. Kwa injini iliyofungwa kwenye chuma na moto ndani yake, ni muda mrefu sana.

Theodore von Kármán, mkuu wa maabara ya anga ya Caltech, aliwaruhusu kufanya kazi chuoni. Punde gesi kali ikawaponyoka ndani ya jengo, vyombo vya watu vikapata kutu, wakaambiwa watoke nje. Wenzao waliwabatiza Kikosi cha Kujiua. Mwaka 1940, jeshi likiwa sasa ndilo linalolipa, walirudi korongoni kwenye ardhi iliyokodishwa kutoka mji wa Pasadena, wakajenga vibanda na mashimo ya kujaribia. Mwaka 1942 Parsons alichanganya lami, hii hii ya barabarani, na paklorati ya potasiamu, chumvi inayotoa oksijeni ikipata moto, akapata fueli ngumu isiyopasuka hovyo ghalani. Vibanda vile ndivyo vilivyokuja kuwa JPL (Jet Propulsion Laboratory), maabara inayoendesha magari ya Mirihi, na mpaka leo iko palepale ukingoni mwa korongo.