Ukiandika pt peke yake umeenda Brazil (lokale ya Msumbiji ilivyotutoa jasho)

Tulikuwa na apu ya risiti za madukani, ilianzia Mtwara, mteja akataka ivuke Ruvuma iende mpaka Pemba (Pemba ya Msumbiji jamani, sio ya karafuu). Sasa ili programu ijue mtumiaji anaongea lugha gani na yuko nchi gani unaipa msimbo mfupi wa lokale, herufi ndogo mbili (au tatu) za lugha, kistari, herufi kubwa mbili za nchi, basi. Dogo mmoja hapa ofisini akaandika pt-MO (pt ni Kireno), MO si Mozambique bana, na mimi ndo nilikagua kazi yake nikapitisha.

Programu haikulalamika hata kidogo, maana pt-MO ipo kweli, ni Macau, kule China, ilikuwa chini ya Wareno hadi 1999 na Kireno mpaka leo ni lugha rasmi. Maneno yakatoka Kireno safi, tarehe safi, tukashangilia, mpaka ikaja skrinshoti ya kwanza kutoka dukani: mche wa sabuni, bei yake MOP. Pataka za Macau! Java (lugha tuliyoandikia programu) ukiiuliza sarafu inaangalia zile herufi za nchi tu, haijui duka liko wapi. Msumbiji ni MZ, kwahiyo pt-MZ.

Kosa la pili lilikuwa gumu zaidi kuliona. Data za lokale karibu kila mtu anachota CLDR, ile hazina ya pamoja ya data za lugha na nchi, na humo pt tupu maana yake ni Kireno cha Brazil. CLDR yenyewe ina akili, pt-MZ imeipa mzazi pt-PT, yaani Ureno, ila mafaili yako ya tafsiri kwenye Java hayafuati huo ukoo, ikikosa pt_MZ inakata mkia inabaki pt, na pt yetu alikuwa ameitafsiri Mbrazil. Mtu wa Pemba anakuta Usuário, Arquivo, Salvar wakati yeye kazoea Utilizador, Ficheiro, Guardar. Anaelewa, ila anajua hii kitu haikutengenezwa kwa ajili yake.

Namba nazo zina mambo. Brazil 12.500,00 lakini pt-MZ inarithi ya Ureno, 12 500,00, na hiyo nafasi hapo katikati sio nafasi ya kawaida ya kibodi, ni ile isiyokatika mwisho wa mstari, kwahiyo kodi yetu ya programu (sio ya TRA) iliyokuwa inafuta nafasi kabla ya kujumlisha haikuifuta na jumla ikagoma. Nilipoteza siku nzima, kwa macho zinafanana kabisa.

Sarafu andika MZN. Ukikutana na MZM kwenye mafunzo ya zamani achana nayo, ni metikali ya kabla ya Julai 2006, walipokata sifuri tatu. Alama ya CLDR ni MTn, sisi tulibadilisha ikawa MT kama watu wanavyoandika madukani.

Hata kunakili faili zima la Ureno haitoshi. Ureno walihamia tahajia mpya, kitufe wanaandika Atualizar, Msumbiji bado utakuta Actualizar yenye c yake. Na siku za wiki Mswahili usizitafsiri kwa kuhesabu: segunda ni ya pili lakini ndo Jumatatu, terça ni ya tatu lakini ndo Jumanne, wao wanaanzia Jumapili sisi Jumamosi. Risiti zetu za majaribio zilipishana siku moja kwa ajili hiyo hiyo, aibu yetu.

Halafu yule mwenye duka akatuuliza, mbona hamjaweka Kiswahili? Kumbe kwao wanaongea Kimwani (msimbo wake wmw) na Kiswahili kinapanda vizuri tu. Tukampa sw-MZ. CLDR haina data yake ila msimbo ni halali, maneno yanatoka kwenye sw, MZ inaleta metikali, na mche wake wa sabuni sasa unasomeka kwa MT.