Vitunguu saumu: ukingoja majani yakauke yote, umechelewa

"Bwana shamba, majani bado mabichi, si ningoje kwanza?" Kila msimu wa mavuno hapa Mbulu naulizwa hivyo, tena na watu waliolima vitunguu saumu miaka nenda rudi. Hapana, usingoje.

Najua mazoea haya yanatoka wapi. Maharage tunayaacha yakauke shambani, na kitunguu maji tunangoja shingo ilegee majani yalale. Saumu ina utaratibu wake: kila jani unaloliona juu linashuka hadi chini na kuwa tabaka moja la ganda la kichwa. Jani likifa, ganda lake nalo linaanza kuozea udongoni. Majani sita mabichi, maganda sita mazima. Yakikauka yote utang'oa kichwa kilichopasuka, punje zimeachana, udongo umejaa katikati, na hicho hakikai hata ukitunze vipi.

Kwa hiyo, majani ya chini yakianza kuwa ya njano, acha kumwagilia. Matatu au manne yakishakauka, na ya juu matano sita yakiwa bado mabichi, chimbua kimoja ukikate katikati kwa upana. Punje zimejaa kwenye maganda yake? Vuna. Maganda yakiwa bado mazito yenye majimaji na punje hazijajitenga, rudi baada ya siku chache. Tumia jembe uma na uchimbe mbali kidogo na shina. Wanaovuta kwa mkono wanabaki na majani mkononi, kisha wananilaumu mimi.

Eti vianikwe juani vikauke upesi. Jua kali linaunguza punje. Vitandaze kivulini kwenye chanja, hewa ipite chini na juu, wiki mbili hadi nne, vikiwa na majani na mizizi yake. Usivioshe! Udongo utapukutika wenyewe. Shina likikauka kabisa ndipo ukate, ubakize sentimita mbili tatu. Vichwa vikubwa kuliko vyote visiende sokoni, hata mchuuzi akibembeleza. Hivyo ni mbegu.

Eti friji ndiyo salama. Ubaridi wa friji ndio unaoamsha punje ziote. Mfuko wa plastiki nao unatoa jasho ndani na kuleta ukungu. Kikapu au mfuko wa wavu, mahali pakavu penye hewa, vinatosha.

Eti kilichoota ni sumu. Si sumu, ladha tu inakuwa kali. Kipike au ukipande.

Eti ukivitumbukiza kwenye mafuta vinakaa kabatini miezi. Hapa sitanii na mtu. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na bakteria wa botulizimu wanastawi hukohuko bila kubadili harufu wala ladha, na sumu yao inaua. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, tumia ndani ya siku nne. Chupa iliyoshinda kabatini, mwaga bila kuonja.