Simu Umeshairuti, Sasa Uiwekee Nini?

Haipiti wiki bila mtu kuniwekea simu mezani na kuniambia, "Fundi, nimeiruti, sasa niifanyie nini?" Wengi wao wamekesha na kebo na laptop, wamefungua butiloda (kiwashio cha simu, ambacho kiwandani hufungwa), picha na namba zote zimefutika (kufungua butiloda karibu kila mara hufuta simu), halafu asubuhi wanatazama simu ileile ya jana. Kuruti, yaani kujipa mamlaka ya juu kabisa ndani ya simu, hakuonekani kwa macho. Na wale mnaocheka neno lenyewe, ndiyo, najua makuruti wako JKT. Ndivyo mtaa ulivyoamua kuliita.

Nianze na jambo moja, maana mengine yote yameegemea hapo. Android imejengwa juu ya Linux, na kila programu unayoiweka hupewa namba yake, kuanzia 10000 kwenda juu. Namba hiyo ni kama chumba cha kupanga: programu inakaa chumbani kwake, haiingii cha jirani. Namba 0 ndiye mwenye nyumba, ana funguo za vyumba vyote. Ukiruti, unapata njia ya kumtuma mwenye nyumba. Kwa hiyo programu ikikuomba ruhusa ya ruti, jiulize kama kazi yake kweli inamhitaji mwenye nyumba. Tochi haimhitaji. Programu ya kusafisha RAM haimhitaji, na wala simu yako haihitaji kusafishwa RAM.

Anayesimama mlangoni ni Magisk, programu inayoruti simu na kugawa ruhusa za ruti, iliyoanzishwa na John Wu mwaka 2016. Enzi za SuperSU, programu ya ruti ya zamani, tulikuwa tunaandika moja kwa moja kwenye mfumo wa simu. Magisk yenyewe hurekebisha sehemu ya kuwashia simu na kuuacha mfumo wenyewe kama ulivyo, ndiyo maana ni rahisi kurudi nyuma. Ipakue kutoka ukurasa wake wa GitHub tu, kwa sababu tovuti zinazojifanya "rasmi" ni nyingi. Ukishaiweka, zoea kuingia kwenye orodha yake ya programu zenye ruhusa. Nimeshafungua simu ya mteja nikakuta programu kumi na moja zimepewa ruti, na mwenyewe hakumbuki hata tatu.

Sasa ile ninayoiweka ya kwanza kabisa: AFWall+. Hii ni fayawoli, yaani mlinzi anayeamua programu ipi itumie intaneti, na kwa sisi tunaonunua bando la siku ndiyo sababu ya maana kuliko zote ya kuruti. Ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, kuna chombo cha kuchuja data inayoingia na kutoka, kinaitwa netfilter, na huamrishwa kwa iptables. Kwa kuwa kila programu ina namba yake, AFWall+ inaweza kukiambia: namba fulani isipite kwenye data ya simu, lakini kwenye Wi-Fi ipite. Skrini yake ni majina ya programu na visanduku vya kutia tiki, kisanduku cha Wi-Fi, cha data ya laini, na cha unapokuwa nje ya nchi. Uliyoitilia tiki inapita. Usiyoitilia inabaki kimya.

Najua utaniambia zipo fayawoli zisizohitaji ruti. Zipo, na si mbaya. Ila hufanya kazi kwa kujifanya VPN (njia ya faragha ya kupitishia data yote ya simu), na Android inaruhusu VPN moja tu kwa wakati mmoja. Ukitaka kuwasha VPN ya kweli, fayawoli inazimika. AFWall+ haina shida hiyo.

Ina ukali wake, lakini. Mara ya kwanza nilipoiweka nilitia tiki WhatsApp, kivinjari na Play Store, nikajiona nimemaliza. Play Store ikawa inafunguka vizuri, natafuta, naona, nikibonyeza kupakua inasubiri tu. Nilipoteza nusu siku nikilaumu mtandao. Kumbe kazi ya kupakua ilikuwa inafanywa na huduma nyingine ya mfumo yenye namba yake, nami sikuitilia tiki. Huduma za Google Play nazo ziache zipite, la sivyo arifa za programu nyingi zitachelewa au hazitafika kabisa. Na kwenye mipangilio washa kipengele cha kuziba mvujo wakati simu inawaka, kwa sababu kuna sekunde chache kabla sheria zako hazijapakiwa, na programu zenye njaa huwa zinazisubiri sekunde hizo.

AdAway, ya kuzuia matangazo, nayo inaenda sambamba na hiyo. Simu ina faili dogo linaloitwa hosts, ambalo hulitazama kabla ya kuuliza mtandaoni anuani ya tovuti. AdAway hulijaza maelfu ya majina ya seva za matangazo na kuyaelekeza kwenye 127.0.0.1, yaani kwenye simu yenyewe. Tangazo linatafutwa, halipatikani, na bando linapona. Kabla ya kuitumia, washa sehemu ya hosts kwenye mipangilio ya Magisk. Haipo Play Store, ichukue F-Droid, duka la programu huria. Matangazo ya YouTube haiyaondoi, usije ukanidai hela yako: yanatoka kwenye seva zilezile zinazoleta video.

Kwa bekapu natumia Neo Backup, ambayo huchukua programu pamoja na data yake, pale mwenye nyumba pekee anapofika. Wazee wa kazi bado wananiulizia Titanium Backup. Ilitufaa sana, lakini imeachwa miaka mingi bila matengenezo. Jihadhari tu na programu zinazofungia siri zao kwa ufunguo wa simu yenyewe, kama Signal na za benki. Hizo hata ukirudisha data yake hazitafunguka, utaanza upya.

Dukani nina simu ya zamani niliyoigeuza hotspot, iko kwenye chaji usiku na mchana. Betri yake ya kwanza ilivimba mpaka ikasukuma kioo. Ya pili nimeilinda kwa programu ya ACC, inayokata chaji ikifika asilimia niliyoiweka na kuirudisha ikishuka. Betri za lithiamu huchakaa haraka zikikaa zimejaa huku zina joto. Si kila simu inaikubali, inategemea kerneli yake. Na kama simu yako ina kikomo cha 80% kutoka kiwandani, basi huihitaji.

Moduli za Magisk, yaani nyongeza zake za kubadilisha simu, sizigusi sana. Ukiweka moja, simu ikaganda kwenye nembo, usikimbilie kuiflashi (kuiwekea mfumo upya). Iwashe kwenye hali salama: moduli zote zitazimwa, kisha iwashe tena kawaida na uitoe ile mbaya.

Linabaki swali la pesa. Programu nyingi za benki na za pesa za simu hukataa simu iliyorutiwa, na mbinu za kuzificha ruti zisiione zinabadilika kila mara. Mbio za sakafuni, kwa wateja sizifanyi. Lakini USSD haipiti kwenye programu yoyote ya kukagua ruti, inapita kwenye laini. *150*00# ya M-Pesa inajibu kwenye simu iliyorutiwa kama kawaida. Mimi mwenyewe laini yangu ya pesa iko kwenye kiswaswadu cha vitufe, droo ya chini, karibu na koleo.