Eti "hata Formula 1 wanapunguza upepo"

Mafundi wa matairi Dar wanaisikia kila siku: "Toa upepo kidogo, jua kali. Hata wale wa Formula 1 wanapunguza ili gari ishike." Si kweli, na kauli hii inapasua matairi.

Katika Formula 1, mbio za magari za kiwango cha juu duniani, timu haijipangii kiwango cha chini cha upepo. Pirelli, anayetengeneza matairi yote tangu 2011, hutaja kwa kila mbio psi (kipimo cha upepo) ya chini kabisa kwa matairi ya mbele na ya nyuma, na FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, hupima. Timu zingetamani kushuka, maana tairi lenye upepo mdogo hulala zaidi kwenye lami. Zinakatazwa kwa sababu ubavu hujikunja na kunyooka kila tairi linapozunguka, unachemka, na nyuzi za ndani zinakatika.

Ugumu uko kwenye joto. Kwenye mbio za Monza, Italia, 2015 tairi la dereva Lewis Hamilton lilikutwa limepungua psi 0.3 kabla ya mbio kuanza. Ushindi wake ulibaki, kwa kuwa upepo ulikuwa sahihi tairi lilipofungwa, ila blanketi za umeme za kupashia matairi joto zilishachomolewa na tairi likapoa. Kwenye mbio za Baku, Azerbaijan, 2021 matairi ya nyuma kushoto ya madereva Stroll na Verstappen yalipasuka, ingawa timu zilifuata psi ya kuanzia. Kuanzia mbio zilizofuata, Ufaransa, FIA ikakaza ukaguzi hadi kwa matairi yaliyokwisha kutumika.

Gari lako halina mkaguzi. Tairi la psi 32 likipanda joto kwa nyuzi 10 za Selsiasi huongezeka karibu psi 1.5. Ukitoka foleni ya Barabara ya Mandela mchana, geji ikasoma 36, ukatoa hadi 32, kesho asubuhi una 28. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Kiwango kipo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kPa, kipimo kingine cha upepo, na kPa 220 ni psi 32. Usifuate namba iliyo ubavuni mwa tairi: hiyo ni ya juu kabisa.

"Tairi kipara linashika, mbona wa Formula 1 wanatumia?" Lao limezaliwa bila kashata (mikato ya usoni), kwa mpira laini. Lako limeisha. Na mvua ikinyesha wao hufunga lenye kashata, linalotoa hadi lita 85 za maji kwa sekunde kwenye kasi ya kilomita 300 kwa saa.

"Tairi lao lenye alama nyekundu ni lilelile kila mbio." Hapana. Rangi inalinganisha ugumu wa aina tatu za mpira zilizoletwa wikiendi hiyo tu. Mwaka 2024 mpira uitwao C3 ulikuwa nyekundu, yaani laini, kwenye mbio za Silverstone, Uingereza, na nyeupe, yaani mgumu, kule Monaco.

"Dereva mzuri anaweza kumaliza mbio na aina moja ya tairi." Mbio zikiwa kavu ni lazima atumie angalau aina mbili. Kila tairi lina msimbo wake, kwa hiyo hakuna kubadilisha kimyakimya.