RADIUS ikikaa kimya haijakukataa: uongo tunaoambizana kuhusu waifai za ofisini

Ukipita kwenye mahoteli ya Arusha au kampuni za utalii kule Njiro, waifai ikigoma kitu cha kwanza mtu anachofanya ni kuzima swichi (kile kifaa kinachounganisha mtandao wa ofisi) na kuiwasha, isipopona anairizeti kabisa mipangilio yote inafutika, sasa hapo ndo kazi inaanza upya.

Hiyo inatokana na imani kwamba swichi ndo inakagua paswedi za watu. Wapi bwana. Kwa waifai ya 802.1X, ile ambayo kila mfanyakazi anaingia na jina lake, swichi au kontrola ya waifai ni tarishi tu, inachukua maelezo ya simu yako inapeleka kwa seva ya RADIUS, yaani kompyuta inayokagua nani aingie kwenye mtandao, halafu inasubiri jibu, ruhusu au kataa. Majina ya watu yako huko kwenye seva.

Uongo wa pili ndo unaokula siku nzima: eti ukikosea sekreti seva itakwambia umekosea. Sekreti siyo paswedi ya mtumiaji, ni neno la siri kati ya swichi na seva, lazima lifanane pande zote mbili. Sasa umetumiwa kwa WhatsApp ukakopi na nafasi moja mwishoni bila kujua, ombi linafika, seva inaona saini ya ndani haifanani inalitupa kimyakimya. Hairudishi chochote! Swichi inaandika taimauti, yaani imesubiri jibu mpaka muda ukaisha, wewe unaanza kulaumu waya, unahamia kwenye faiwoli, mwisho unampigia mtu wa intaneti ambaye hahusiki kabisa. Kama seva yako inatumia FreeRADIUS, programu ya bure ya RADIUS, simamisha huduma halafu iwashe kwa mkono, freeradius -X kwenye Ubuntu, mwambie mtu ajaribu kuingia na wewe soma kinachopita.

Hapohapo utakamata na ugonjwa mwingine, klaenti asiyejulikana, yaani swichi ambayo seva haiitambui. Umesajili swichi kwa IP 10.10.1.2 lakini ina VLAN kadhaa (mitandao midogo ndani ya mmoja), ombi linatoka na 10.10.20.1, seva haimjui huyo, inanyamaza vilevile. Ingia kwenye swichi uchague maombi ya RADIUS yatokee IP ipi, usiiachie ijichagulie.

Halafu kuna wale wa "nimeweka seva mbili, mtu akikataliwa na ya kwanza ya pili itamruhusu". Aisee hapana, kukataa ni jibu, na swichi ikishapata jibu imemaliza. Seva ya pili inaulizwa pale ya kwanza isipojibu mpaka majaribio yaishe. Na hapo piga hesabu, ukiweka kusubiri sekunde 5 na kujaribu mara 3 ni sekunde 15 kabla hata ya kuhama, simu nyingi zitakuwa zimeshakata tamaa. Mi naona bora upunguze hizo sekunde, na uwashe dedi taimu, ule muda wa kuiruka seva isiyojibu, ili swichi ikishajua seva imekufa isiirudie kila mtu anapojaribu.

Porti, ile namba ya mlango ambayo seva inapokelea maombi, nayo watu wanaipima kwa telnet, ikigoma wanasema imefungwa. Telnet ni TCP, RADIUS ya kawaida ni UDP, njia mbili tofauti za kutuma data, kwa hiyo hapo hujapima kitu. Ni 1812 ya kuthibitisha na 1813 ya kurekodi matumizi, ila vifaa vingine vya zamani, na mjini vya mtumba viko kibao, vinakuja na 1645 na 1646.

Na siyo kweli kwamba RADIUS inaficha kila kitu. Inaficha paswedi tu, kwa mbinu ya zamani ya MD5, jina la mtu linapita uchi. Mwaka 2024 mwezi wa 7 watafiti walitangaza shambulio la Blast-RADIUS, namba yake rasmi CVE-2024-3596, la kugeuza "kataa" kuwa "ruhusu" njiani. Waifai za EAP, ndiyo hizo za 802.1X, hazikuguswa, ila kama unatumia RADIUS hiyohiyo kuingilia kwenye swichi kwa PAP, njia ya kawaida ya jina na paswedi, sasisha seva na ulazimishe Message-Authenticator, ile saini ya ndani.

La mwisho, mnaotumia EAP-TLS hasa, ile ya kuingia kwa cheti badala ya paswedi. Umeme ukikatika Moshi usiku, kikompyuta cha seva chenye betri ya CMOS (inayotunza saa) iliyokufa kinaamka na tarehe ya miaka ya nyuma, seva inaviona vyeti vya wafanyakazi havijaanza kutumika, wote wanakataliwa asubuhi. Hapo siyo kimya, ni kukataa kweli, na kwenye logi sababu inaonekana. Weka NTP ili saa ijirekebishe yenyewe kwa mtandao, na betri yenyewe ni CR2032, hata kwa mafundi saa unaipata.