“Ikilia kama kokoto, imekauka” na makosa mengine ya kahawa ya shambani kwako

Anayeleta kahawa aliyoivuna mwenyewe, akilalamika kwamba imemshinda kukaanga, kwanza hulaumu kikaango. Eti ni chembamba, eti moto haukai sawa. Kata punje zake mbichi kwa kisu: makali yanazama bila kugonga, kama unakata karanga iliyochimbuliwa leo. Muulize alijuaje kwamba zimekauka, naye atakujibu kama wenzake wote: ukizitikisa zinalia kama kokoto.

Zinalia, kweli. Lakini mlio huo ni wa ganda. Ganda gumu la ndani hukauka mapema kuliko punje iliyomo. Punje ikisinyaa kidogo tu, huachana na ganda na kuanza kugongagonga, huku kiini chake bado kina maji tele. Kahawa ya kuhifadhi na kukaanga inatakiwa ibaki na maji asilimia 10 hadi 12. Sikio haliwezi kutofautisha 12 na 18. Mizani inaweza, na mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha. Kama fedha ni ya kitu kimoja tu, nunua mizani, kikaango kizuri kisubiri.

Fanya hivi. Kahawa ikishamenywa, ikaoshwa na kuchuruzika, huwa na maji kama asilimia 50 hadi 55. Pima kilo 1, itie kwenye mfuko wa wavu wenye alama, uulaze kwenye chanja katikati ya kahawa nyingine, na uugeuze kila unapogeuza zile nyingine. Pima kila jioni saa ile ile. Kilo yenye maji asilimia 53 ina gramu 470 za kitu kikavu, kwa hiyo ikibaki na maji asilimia 11 itakuwa na gramu 528. Mfuko ukikaribia 530, anza uhakiki. Koboa punje, pima gramu 100, zitandaze kwenye sinia ndani ya oveni yenye nyuzi 105 kwa saa 16, kisha pima tena. Zikirudi na gramu 89, maji yalikuwa asilimia 11. Sampuli hiyo ni ya kutupa. Na usiamini namba za kitufe cha oveni, weka kipimajoto ndani.

Kwa nini kelele zote hizi? Kwa sababu punje yenye maji mengi ndani hutumia moto wa kikaango kuchemsha maji yake. Gramu 200 zilizokauka sawasawa hugeuka njano kwenye dakika ya 4 hadi 6 hivi. Zenye maji huchelewa, mkaangaji anaona hakuna kinachotokea, anaongeza moto, na ncha za punje zinaungua kabla kiini hakijaiva. Vunja punje moja iliyokaangwa hivyo: nje kahawia iliyokolea, ndani imepauka. Kikombe chake kina ladha ya majani na majivu kwa pamoja. Ukiiweka kahawa hiyo guniani bila kuikaanga, ni balaa zaidi: ukungu huota, na baadhi yake hutoa sumu iitwayo okratoksini A. Kukaanga huipunguza tu, hakuiondoi yote. Kahawa iliyoota ukungu haiokolewi kwa kuikaanga sana. Itupe.

Wapo wanaokwepa kosa hilo kwa kuharakisha. Wanaanika kwenye bati la moto, au wanamalizia kwenye oveni. Joto la punje wakati wa kukausha lisizidi nyuzi 40. Ikikaushwa kwa pupa ganda hupasuka, nje huwa gamba kavu na unyevu hufungiwa ndani. Tandaza sentimita 2 hadi 3 juu ya wavu ulioinuliwa ili hewa ipite chini, geuza kila saa siku za mwanzo, funika jua la mchana linapokuwa kali, na funika usiku umande usirudishe maji. Iliyomenywa huchukua wiki 1 hadi 2, iliyoanikwa na tunda lake wiki 3 hadi 4. Ikishuka chini ya asilimia 9 nayo imeharibika: hukatikakatika wakati wa kukoboa.

Makosa mengine ni mepesi kidogo.

“Ikichachuka muda mrefu ndiyo inapata ladha.” Kuchachua, yaani kuziacha punje zilizomenywa zichachuke kabla ya kuoshwa, ni kwa ajili ya kulegeza ute unaozifunika. Kutegemea na joto, huchukua saa 12 hadi 36. Osha konzi moja kwa maji: zikikwaruzana mkononi na utelezi umekwisha, osha zote saa hiyo hiyo. Ukizilaza usiku mwingine zitanuka siki, na punje moja iliyooza inaharibu birika zima.

“Tunda likiwa jekundu ni zuri.” Liloweke kwanza. Yanayoelea yana punje pungufu, zilizoliwa na wadudu au zilizokaukia mtini. Yaondoe kabla ya kumenya.

“Kahawa kali ni nyeusi inayong'aa mafuta.” Huo ni uchungu wa kuungua. Kafeini karibu haiguswi na moto wa kukaangia. Ikikaangwa, punje hupasuka kwa mlio mara mbili; mafuta hutoka juu baada ya mpasuko wa pili, kuta za punje zinapovunjika, na yakishakutana na hewa huchacha upesi. Anayejifunza asimamishe dakika 1 au 2 tangu mpasuko wa kwanza uanze. Gramu 200 zikibaki 168 hadi 172, umepatia. Na tafadhali, usipake mafuta kwenye kikaango ili “isigande”. Kahawa hukaangwa kavu, ikikorogwa bila kupumzika.

“Tamu ni ile inayosagwa ikiwa bado ya moto.” Iliyotoka motoni imejaa hewa ya ukaa, na hewa hiyo huzuia maji yasiingie vizuri kwenye unga. Ipe siku 1 hadi 3. Ila kupoza ni papo hapo, kwa sababu punje huendelea kuiva kwa joto lake yenyewe: imwage kwenye chujio la chuma, ihamishie kwenye la pili, rudia mbele ya feni nje ya nyumba ili utando mwembamba unaobanduka kwenye punje upeperuke, hadi uweze kuishika mkononi ndani ya dakika 4. Kisha iweke kwenye chombo kikavu, na saa 24 za mwanzo kifuniko kikae kimelegezwa.