Bikabonati: Kaboni Iliyoyeyuka katika Maji ya Ardhini

Kaboni ikitajwa Dar es Salaam siku hizi, mazungumzo huelekea kwenye moshi wa magari, mkaa na biashara ya hewa ya ukaa misituni. Kaboni iliyomo ndani ya maji ya visima husahaulika, ingawa huchangia kuamua kama birika litashika utando mweupe na, katika delta za nchi kame, kama kisiwa kitaendelea kuota miti au kitageuka uwanja wa magadi.

Sehemu kubwa ya kaboni hiyo huwa katika umbo la bikabonati, ioni (chembe yenye chaji ya umeme) inayoundwa na atomu moja ya haidrojeni, moja ya kaboni na tatu za oksijeni. Chanzo chake kikuu ni udongo. Hewa tunayovuta ina kaboni dayoksaidi kiasi cha asilimia 0.04 tu, lakini hewa iliyonaswa katikati ya chembe za udongo huweza kufikia asilimia 1 au zaidi, kwa kuwa mizizi inapumua humo na vijidudu vinaozesha mabaki ya mimea. Maji yanayopenya chini huyeyusha gesi hiyo na kuwa asidi dhaifu. Asidi hiyo hula madini taratibu, na kinachobaki majini ni bikabonati pamoja na kalsiamu, magnesiamu au sodiamu iliyotoka kwenye jiwe. Jiwe likiwa la chokaa, mfano matumbawe ya kale yaliyo chini ya sehemu za pwani yetu, nusu ya kaboni hutoka kwenye jiwe lenyewe. Jambo hili huwasumbua wanaokadiria umri wa maji kwa kaboni 14, aina ya kaboni yenye mnururisho unaopungua kadiri miaka inavyopita, kwa sababu kaboni ya jiwe la kale haina tena mnururisho huo, na asiyeitoa katika hesabu atayaona maji kuwa ya zamani kuliko yalivyo.

Bikabonati hutawala maji yenye pH (kipimo cha uasidi, ambacho hushuka asidi inapozidi) kati ya takriban 6.4 na 10.3. Chini ya hapo kaboni nyingi hubaki kama gesi iliyoyeyuka, na juu ya hapo hugeuka kabonati. Mipaka hiyo haionekani kuwa na maana kubwa mpaka maji yaanze kupungua.

Delta ya Okavango, nchini Botswana, inaonyesha vizuri kinachotokea yanapopungua. Mito inayoilisha hutoka nyanda za juu za Angola, na maji yake ni laini mno, yana chumvi kidogo sana, nayo huishia katika mchanga wa Kalahari bila kufika baharini. Karibu maji yote hurudi hewani, ama kwa kukauka juani ama kwa kuvutwa na mimea, na ni takriban asilimia 2 tu yanayotoka kama mto. Kwa hesabu ya kawaida delta hiyo ingepaswa kuwa bwawa la chumvi, lakini maji ya mikondo yake hunyweka.

Siri iko visiwani. Kingo za visiwa zimejaa miti, ikiwemo mikuyu, mikindu na mikoche, ambayo hufyonza maji ya ardhini kwa nguvu kiasi kwamba usawa wa maji chini ya kisiwa hushuka kuliko ule wa kinamasi kinachokizunguka. Maji hutiririka kuelekea ndani bila kukoma, mizizi huyachukua, na kwa kuwa mti huacha nyuma sehemu kubwa ya chumvi, kilichoyeyuka huzidi kukolea. Chokaa ndiyo hutangulia kujitenga: kalsiamu hushikana na kabonati na kuwa jiwe gumu pembezoni mwa kisiwa, hata ardhi ya hapo huinuka kidogo kidogo. Ndilo tendo lile lile la birika la Mbagala au Kigamboni lililochemshiwa maji ya kisima, ila kwenye birika moto ndio unaofukuza gesi. Kila bikabonati mbili zinapotoa chembe moja ya chokaa, kaboni ya moja hurudi kuwa kaboni dayoksaidi.

Baada ya hapo njia hugawanyika, na kwangu hapa ndipo penye uzito wa dhana yote. Wanajiokemia Lawrence Hardie na Hans Eugster walieleza mgawanyiko huo mwaka 1970. Kalsiamu ikiwa nyingi kuliko bikabonati, kaboni huisha majini na maji huelekea kuwa ya chumvi ya kloridi au salfati. Bikabonati ikizidi, kalsiamu ndiyo inayoisha, na sodiamu hubaki na kaboni yote iliyosalia. Okavango iko upande huu wa pili, ndiyo maana pH hupanda katikati ya visiwa, miti hufa, na juu ya udongo hutanda trona, madini yale yale ya magadi ya Ziwa Natron ambayo wapishi wetu hulainishia maharage na makande. Maji mazito ya chumvi yaliyo chini ya kisiwa huzama hatimaye kwenye tabaka za kina kirefu, na kinamasi cha juu husalimika.

Anayetaka kujua bikabonati ya kisima chake aangalie kipimo cha alkali katika ripoti ya maabara. Kwa kawaida huandikwa kwa miligramu za kalsiamu kabonati kwa lita. Ukizidisha kwa 1.22 unapata bikabonati, mradi pH ni ya kawaida. Hiyo pH nayo ipimwe pale pale kisimani, maana chupa iliyojazwa nusu na kupitishwa kwenye foleni na joto la mchana hupoteza gesi njiani, na maabara itapima pH iliyokwisha kupanda.